Kitambaa Cheupe cha Mtu wa Mabomba ya Hewa

Adelphi, Jumamosi, Oktoba 1998. Mvua nyembamba tangu alfajiri. Majani ya mti wa jirani yamegandia kwenye kioo cha gari letu, na mashine ya joto inanguruma chini ya nyumba.

Leo simwamini mtu.

Faraji, mjukuu wangu, ana umri wa miaka saba, na anakohoa. Alianza juma lile tulipowasha mashine ya joto kwa mara ya kwanza msimu huu, na hajaacha. Si kikohozi cha mafua. Ni kikavu, kinamkaba, kisha kinamwachia akiwa amechoka kama mtu aliyepanda ngazi ndefu. Daktari amesema ni pumu. Amempa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akatuuliza habari za vumbi, zulia na paka. Paka hatuna.

Mama yake ni binti yangu Salma, muuguzi wa zamu ya usiku. Alipoachana na mumewe, kiangazi kilichopita, alihamia na mtoto kwetu, kwangu na kwa Mama Salma, katika nyumba hii ndogo ya matofali tuliyoinunua nilipokuwa bado nafanya kazi ubalozini. Jumapili iliyopita alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba kifua cha mtoto kisipotulia atahamia naye Alexandria, ng'ambo ya mto Potomac. Ameona ghorofa huko ambako joto hutoka kwenye mabomba ya maji ya moto, si katika hewa inayopulizwa. Kisha akaongeza: "Au tuyasafishe haya mabomba ya hewa kwanza, Baba. Waite watu waje watazame." Akabandika namba ya kampuni moja kwenye mlango wa friji.

Nyuma ya mlango wa chumba chake yapo maboksi matupu. Niliyaona nilipokwenda kumwamsha.

Sitaki kuishi katika nyumba isiyo na mtoto huyu. Ninaliandika hili mapema, kabla ya habari za bei, ili wasomaji wachache wa ukurasa wangu huu wa mtandaoni wasidhani kwamba nilishinda juma zima nikigombana na watu kwa ajili ya mabomba tu.

Je, mwenye nyumba atarajie kulipa kiasi gani ili mabomba yake ya hewa yasafishwe? Niliona ni swali rahisi. Nilikaa kwenye simu asubuhi nzima, na sikupata majibu mawili yanayofanana.

Mwanamke wa kampuni ya kwenye friji aliniuliza nyumba ina matundu mangapi ya hewa, ina mashine ngapi za joto, na ilijengwa lini. Ndipo akasema kati ya dola mia nne na mia sita. Wangekuja watu wawili, wangefanya kazi nusu siku, na gari lenye mashine kubwa ya kufyonza lingesimama nje. Nilimshuku. Kwa maswali yale yote nilidhani anapima mfuko wangu.

Kampuni ya pili ilitoza kwa kila tundu, bei ndogo ya kupendeza, lakini bomba kubwa lilihesabiwa mbali, feni mbali, na dawa mbali. Nilimwambia yule kijana kwamba hiyo ni sawa na kuuza shati na kudai malipo ya mikono kando. Alikata simu.

Ya tatu ilikuwa kuponi iliyokuja katika bahasha ya matangazo pamoja na za piza. Nyumba nzima, dola arobaini na tisa.

Nilimwonyesha jirani yetu Musyoka, Mkenya anayeendesha teksi na kuvuta sigara kwenye ngazi zake mvua inyeshe isinyeshe.

"Mzee, hiyo ya forty-nine ni ya kukushika tu," alisema. "Akishaingia kwa nyumba ndio utajua bei. Mimi walinicharge mia tatu, na vumbi bado naiona."

"Kwa nini uliwalipa?"

"Alikuwa amefungua kila kitu, Mzee. Ni kulipa ama kulala baridi."

Nami nilijua. Mshahara, petroli, nusu siku ya kazi: hakuna namna ya kuyajumlisha hayo yakafika arobaini na tisa. Hata hivyo nilimwita huyo wa kuponi. Sababu yangu haina sifa. Nilitaka kumkamata akidanganya. Mwongo wa wazi hanisumbui. Aliyenitia wasiwasi ni yule mwanamke aliyezungumza vizuri.

Alifika leo saa nne asubuhi, peke yake, amebeba mashine ya kufyonza vumbi iliyo ndogo kuliko ya Mama Salma. Salma alikuwa amelala baada ya zamu. Nilitaka kumpeleka mtu huyo moja kwa moja kwenye kazi, lakini Mama Salma alitokeza kichwa jikoni.

"Mpe chai kwanza, Baba Salma."

"Huyu ni mtu wa kazi."

"Na mtu wa kazi hana koo?"

Basi alikalishwa, akanywa chai ya tangawizi, akala mkate wa kumimina, akaomba kipande kingine. Alikuwa mpole sana. Upole wake niliutilia shaka tangu mwanzo.

Baada ya chai alikwenda ukumbini, kwenye tundu kubwa lililo chini ukutani. Matundu mengine ya nyumba hii hutoa hewa. Hili huivuta, ikapita kwenye mashine, ikapashwa joto na kurudishwa vyumbani. Alifungua kifuniko, akaingiza mkono wenye kitambaa cheupe, akakitoa. Kilikuwa cheusi kama chini ya sufuria. Alitikisa kichwa kama mleta habari za msiba, akaniambia kwa Kiingereza cha polepole, kile wanachowatengea wageni, kwamba ni kuvu. Kuvu nyeusi, yenye sumu.

Sebuleni Faraji akakohoa.

"Unaona?" alisema.

Bei ya kuiua kuvu hiyo ilikuwa dola mia tisa. Nilisema ni nyingi. Kabla sijafunga mdomo ikawa mia sita na hamsini. Nilitazama dari, ikawa mia nne na hamsini. Nimekulia Tanga, nimenunua vitambaa kwa watu wanaojua kuuza. Muuzaji wa kweli hushuka kwa taabu. Hulalamika, huwataja watoto wake, huikunja bidhaa na kuirudisha rafuni. Huyu alishuka kama aliyeteleza. Nusu ya bei yake haikuwahi kuwapo.

Niliomba nikione kitambaa. Akakivuta nyuma, akasema ni hatari kukigusa. Yeye mwenyewe hakuwa amevaa hata glavu. Nilinyoosha mkono mpaka akanipa, nikakinusa.

Kilinukia Ijumaa.

Nilimwita Mama Salma. Alikinusa macho yakiwa yamefumba, akatabasamu.

"Huu ni udi wangu," alisema. "Ule alioniletea dada. Mwambie mgeni wako kuvu haina harufu ya waridi."

Nilitafsiri kwa uaminifu. Mtu yule akauliza udi ni nini. Nilimweleza kwamba ni vipande vya mti unaonukia. Huwekwa juu ya makaa ndani ya chetezo, chungu kidogo cha kufukizia, na moshi wake huingia kwenye nguo na vyumba. Alinisikiliza vizuri, kisha akaanza kukusanya vifaa vyake. Malipo hakuyataja, nami sikuyataja. Mlangoni Mama Salma alimpa mkate uliobaki, ameufunga katika karatasi. "Amefedheheka," aliniambia. "Asiondoke mikono mitupu."

Tulirudi ukumbini tukicheka kama watu walioshinda kesi. Nilikuwa nimekamata mwongo kwa pua yangu. Nilikuwa nikifikiri namna ya kumsimulia Musyoka.

Faraji akakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu.

Tukaacha kucheka.

Mbele ya tundu lile, sakafuni, kuna alama ya duara. Ni alama ya chetezo. Kipupwe kilichopita, kabla Salma na mtoto hawajahamia hapa, niligundua jambo lililonifurahisha kupita kiasi: chetezo kikiwekwa hapo, mashine huvuta moshi na kuupeleka kila chumba. Hakuna haja ya Mama Salma kuzunguka nyumba nzima na makaa mkononi. Wageni wetu wa Bladensburg walisifu sana. Walisema nyumba inanukia hadi chooni. Niliwaeleza mbinu yangu, na nadhani wawili kati yao wameiga.

Kiangazi hufukizia kibarazani kwa sababu ya joto. Oktoba tumerudi ndani: Alhamisi jioni, na Ijumaa tena. Nilisimama pale nikaufuata moshi kwa mawazo, kutoka kwenye tundu hadi kwenye mashine, kutoka kwenye mashine hadi kwenye tundu lililo juu ya kitanda cha Faraji. Kikohozi cha Jumamosi daima kimekuwa kibaya kuliko vyote. Hilo nililiona. Nikashuku maziwa ya shuleni, zulia, sigara za Musyoka. Sikushuku kitu kinachonukia vizuri.

"Kwa hiyo ni mimi," Mama Salma alisema.

"Aliyekiweka hapo ni mimi."

"Makaa ni yangu."

"Na wazo ni langu."

Alikiinua chetezo, akakipeleka jikoni, akamwaga majivu na kukiosha kwa sabuni, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya. Alikipindua penye vyombo vilivyooshwa.

"Kanga zangu nitazifukizia nje," alisema.

"Baridi inakuja."

"Nitavaa koti."

Nilikwenda kwenye simu. Nilipiga ile namba ya kwenye friji, na safari hii niliyeuliza sana ni mimi. Je, mnaziba matundu yote kabla ya kufyonza? Mnasafisha na feni na mashine yenyewe? Naweza kusimama na kutazama? Mkikuta jambo jingine, mtanionyesha kabla ya kupandisha bei? Mwanamke yule alijibu moja baada ya jingine bila kuchoka. Kwa nyumba kama yetu, mia nne na themanini. Nilimweleza habari za moshi, nikamuuliza kama kikohozi cha mtoto kitakwisha.

"Hilo siwezi kukuahidi, bwana," alisema. "Masizi tutayatoa. Ila acheni kwanza kuyatengeneza."

Katika simu zote nilizopiga, hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza niliyoiamini. Watakuja Jumanne asubuhi. Basi, aliyefika kwenye ukurasa huu akitafuta bei tu, ajue kwamba kazi ya kweli ya nyumba kama hii hulipiwa mia kadhaa, nayo hufanywa na watu wawili wanaouliza maswali kabla ya kutaja kiasi. Akija mmoja na kuponi, mpeni chai aende zake.

Salma aliamka alasiri. Aliingia jikoni akiwa na kanga begani, akakiona chetezo kimepinduliwa, kinachuruzika maji. Sikuwa nimesema neno.

"Alhamdulillahi," alisema, polepole.

Mtu hashukuru hivyo kwa chombo kilichooshwa. Nikamtazama.

"Ulijua?"

Alichungulia dirishani. Mama yake alikuwa nje, anafagia kibaraza.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza, Baba. Mimi ni muuguzi."

"Ukanyamaza."

"Ningemwambia nini Mama? Kwamba udi wake unamkaba mwanangu? Nilitaka mgeni ndiye aseme. Mgeni haoni haya. Nikatafuta watu wakweli, nikakubandikia namba yao kwenye friji. Wewe ukamwita wa kuponi; kuponi yenyewe nimeiona mezani."

Nilijimiminia chai iliyokwisha kupoa.

Angeondoka. Hilo ndilo linalonirudia tangu alasiri. Binti yangu angembeba mtoto, akavuka Potomac, akalipa kodi kila mwezi kwa mshahara wa zamu za usiku, kuliko kumwambia mama yake neno moja jikoni. Angenipa sababu nyingine yoyote, ya shule au ya kazi, na mimi ninayemshuku kila mtu ningeiamini, kwa kuwa ni yeye. Adabu hiyo tulimfundisha sisi. Watu wakimsifu kwa ajili yake, tulivimba kichwa.

Mama Salma hajui kwamba binti yake alijua. Salma ameniomba nisimwambie. Nimekubali, na kwa kukubali nimekuwa mmoja wa wanaoficha.

Jioni hii maboksi yametoka nyuma ya mlango. Faraji ameyapanga sebuleni yakawa treni, na anaiendesha kwa Kiingereza ingawa ninamuuliza vituo kwa Kiswahili. Anakohoa bado, mara chache kidogo, au labda masikio yangu yanataka iwe hivyo. Boksi moja limebaki chumbani kwa Salma. Nimepita hapo mara kadhaa nikalitazama. Huenda ni boksi tu.

Ni maneno gani mengine ambayo watu wa nyumba hii wamemwekea mgeni ayaseme?

Jumanne wageni watakuja. Nitawakalisha jikoni, niwape chai, na safari hii niwaache waseme.