Kamba za Mkwe Wangu Nilizipaka Mawese

Kwako Mama Mastulah wa redio,

Mimi si mutu wa kuomba musaada, andika hiyo mbele. Naitwa Sebagabo, fundi wa kushona, nilitoka Fizi na masini yangu ku kichwa, na hapa kambi ya Nakivale hakuna turubai ilipasuka mukono yangu ikashindwa. Sasa sikiliza. Mukwe wangu Déo, bwana ya binti yangu Yvette, iko na tiara kubwa ya kitambaa, ile muzungu mwalimu alimuachia wakati alirudi kwao, unaijaza pumzi na pompi, unajifunga mukanda ya kiuno yenye ndoano, unasimama juu ya ubao na upepo inakukokota juu ya ziwa, kamba ine nyembamba njo zinashika kila kitu, na batu banajaa kando ya maji kuangalia, hata mimi nafurahi sana, nasemaka kwa sauti, ule ni mukwe wangu, na kitambaa ni mimi nilishona fasi ilipasuka.

Mwezi wa tano alienda kufanya kazi Mbarara, akaniachia vyombo, akasema, "Baba, unitunzie." Nikatunza. Kwetu Fizi zamani kamba ya nyavu tulikuwa tunaipaka mawese isioze, basi nikapaka zote ine, na mukanda pia, nikaanika juu ya nyumba ku jua kali siku tatu. Panya zikapenda mawese. Zikakata kamba moja. Nikaenda soko ya Kabingo, nikachagua nailoni ya nyavu, nzuri, rangi karibu ileile, nikaunga na fundo yangu ile haifunguki, mutu hawezi kuona.

Bibi yangu Nyiramana aliona.

"Baba Yvette, mwambie mutoto wa batu."

"Nimwambie nini? Kamba ni nzima."

"Basi jifunge wewe."

Nikamwambia arudi ku jiko, ku sombe yake.

Shida ni hii. Kwetu mukwe hakagui kitu amepewa na baba ya bibi yake, anapokea na mikono mbili, anainamisha kichwa, anasema aksanti. Déo ni mutoto wa heshima mingi, atafanya hivyo, na anarudi mwisho wa mwezi, upepo ya kiangazi ikiwa na nguvu. Na mimi mutu nilimpa binti yangu, nimuombe musamaha, nianzie wapi? Niambie tu kama kamba ni nzuri. Nakula vizuri, nalala vizuri, ila upepo ikipiga naangalia ziwa.

Sebagabo, fundi.

* * *

Mzee Sebagabo,

Kamba si nzuri. Ulitaka jibu, hilo hapo.

Nimemuuliza Shafiq, anauza kamba na maturubai hapa Mbarara. Anasema nailoni ya nyavu inavutika. Upepo ukikaza, kamba moja inarefuka, tatu zinabaki, tiara inazunguka na kumbamiza aliyejifunga. Na ziwa lenu lina viboko, mzee, usijifanye umewasahau.

Kamba za Fizi zilitaka mawese, hizi hazitaki. Mafuta yanashika mchanga, mchanga unasaga kamba, na jua kali linakula nyuzi za kamba na mkanda. Vyombo hivi vinataka maji safi, kivuli, na mfuko unaofungwa vizuri. Mkanda uoshe kwa sabuni ya mche, uangalie mshono karibu na ndoano. Hapo wewe ni bingwa, sikupingi. Lakini kamba moja ikikatika zinabadilishwa zote nne, aina moja, urefu mmoja. Shafiq hana za nguvu hiyo na hakudanganyi. Déo amwandikie yule mwalimu. Mpaka zije, tiara ikae mfukoni, na watu waangalie bata.

Sasa heshima. Nakuelewa, baba mkwe kujishusha ni kazi ngumu. Ila hapa umenikasirisha: unajua kijana hatakagua, na wewe umelificha fundo lako ndani ya heshima yake. Mama Yvette aliona mapema kuliko wewe, na ukamrudisha jikoni.

Lakini mila hiyohiyo inakusaidia. Baba mkwe akiamuru, mkwe anatii. Déo akinyoosha mikono miwili, usimpe. Tandaza kamba chini, mama akiwepo, umwambie, "Mwanangu, kagua kazi yangu." Halafu mngoje amalize. Akifika kwenye fundo, wewe ndiye uinamishe kichwa.

Mastulah