Buluu ya Ziwa Lako

Yona, mtani wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilishuka mwenyewe kukupimia kaburi. Desturi unaijua: mtani analala shimoni kwanza, anagoma kutoka mpaka wafiwa wampoze kwa hela. Nikalala chali nikasema, "Fupi hili. Huyu miguu yake ni ngazi, mtamkunja?" Watu wakacheka. Mimi nikangoja unijibu. Maisha yote nikikutania unajibu kabla sijafunga mdomo. Hapo ndipo niliposhtuka. Juu yangu palikuwa na kipande cha mbingu tu, kama kioo ambacho hakijakatwa. Vijana wakanivuta mikono, wakidhani bado nachekesha.

Hata sasa akili haijakubali. Si mchana wa siku ile ile uliyoondoka tulikuwa uani kwako, hapa Utemini, tunakata chupa? Wewe unazungusha uzi wenye mafuta ya taa, unawasha, unatumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji, inapasuka ulipotaka. Mimi napunguza kingo kwa koleo. Mwislamu mzima, kazi yangu kuingiza chupa za bia kanisani. "Zenyewe zimetubu," uliniambia. "Bado wewe."

Lile dirisha la vioo vya rangi la kanisa lenu, Yona. Walikuambia umweke Petro akitembea juu ya bahari. Bahari hujawahi kuiona, ukampeleka kwenye ziwa letu la Singida, na mawe yake pembeni. Mzee wa kanisa akauliza, kwenye maji ya chumvi yale Petro atavua nini? Ukamjibu, "Ndiyo maana anazama."

Wewe penseli ulikuwa huitaki. Unainua kipande juani, unafumba jicho moja, unakiuliza kinataka kuwa nini. Kahawia ikasema mawe, kijani ikasema matete. Buluu ndiyo ilitutesa. Siku hizi za ruksa ya kuingiza bidhaa maduka yamejaa plastiki, hata dawa zinakuja kwenye plastiki. Ikabaki ile chupa ya buluu ya dawa nyeupe ya tumbo. Kila mara unanijia na moja, umeisuuza inang'aa. "Nimeiokota jalalani," unasema. Nami nakuita fisi wa majalala.

Baada ya matanga shemeji, mkeo, akaniita ndani. Akavuta boksi uvunguni. Chupa za buluu, Yona. Moja dawa imegandia ndani kama chokaa. "Alikuwa anainywa jikoni, shemeji," akaniambia. "Anakaza mkanda, anatoka kuja kukaa na wewe."

Nilikaa chini pale pale. Ziwa lote lile. Kila kipande nilichokipunguza kingo nikakisifia, kumbe kimepitia tumboni mwako. Na mimi nacheka.

Ungeniambia ningekutania, hilo sikatai. Lakini ningekutania huku nimekubeba mgongoni nakupeleka hospitali.

Sasa sikia mengine. Pale chini ya miguu ya Petro, ulipopaacha wazi, kamati ilitaka kupaziba na kioo cheupe kutoka Dar, maana siku hizi kinapatikana. Nikawaambia atakayeleta kioo hicho akilete akiwa amevaa kofia ngumu. Wamenipa mpaka Jumapili. Nikashika uzi wako. Nikauweka chini, nikanywa chai, nikarudi. Mara ya kwanza chupa ikapasuka ovyo, nikasikia kabisa ungesema nini, nikakutukana peke yangu pale uani, shemeji akachungulia.

Nimemaliza lakini. Ile yenye dawa sikuiosha. Nimeipanga vipande vyake chini ya nyayo za Petro, na ule weupe umekaa kama povu la wimbi. Saruji inakauka hapa uani, vijana ndio watakaolipandisha kanisani.

Tatizo ni moja. Dirisha la namna hii ukisimama nje unaona giza tu. Rangi ziko ndani. Miaka yote unanivuta kanisani nakukwepa, na sasa umenitegea mtego ukaondoka. Haya, umenipata. Jumapili nitaingia. Nitakaa nyuma, nitalitazama ziwa lako likiwaka, nitatoka kabla ya sadaka.

Lala, fisi wangu. Na kama shimo ni fupi, kunja miguu.

Mtani wako,
Salimu