Mbwa wa Kushoto

Kariakoo, 14 Machi 1999

Kwako mdogo wangu Bhavin,

Habari za huko kwenye baridi? Mguu wa Mama Ranjanben unaendeleaje? Mpe shikamoo yangu, mwambie bado nadai zile kachori alizoniahidi uwanja wa ndege. Huku wazima, ila kichwa kinanigonga kila jioni, na taa za Mtaa wa Sikukuu siku hizi naziona zimezungukwa na duara za rangi. Uzee huo, mshkaji wangu, na bado hata sijaoa.

Sasa sikia. Ile stoo ya vitenge ya mzee Bhupendra mliyoniachia mlipohamia huko nimeigeuza chumba cha gemu. Tangu enzi za ruksa, bwana! Mashine zinashuka bandarini kwa kontena kama vitunguu. Vijana wanatoka mpaka Buguruni kuja kunifunga mimi, bingwa wa chumba. Anayenifunga anacheza bure siku nzima, na hajazaliwa. Ndicho kinachowaleta, na ndicho ninachokula.

Ila kuna gemu moja jipya linanitoa roho. Ni jumba lenye maiti zinazotembea. Kamera wameitundika kwenye kona ya dari, haikufuati. Ukibonyeza juu, jamaa haendi juu, anaenda anakotazama yeye. Kumgeuza ni kama kurudisha nyuma lori la tela kule bandarini. Na kwenye korido ya ghorofani kuna mbwa anatokea kushoto, ananirarua kila siku. Sijawahi kumwona akija. Wilbert, yule fundi redio wa barazani, anapita pale anapiga mluzi. Namwambia anabahatisha.

Mimi nasema waliotengeneza hilo gemu walikosea, wakaona aibu kusema. Wewe unayesomea kompyuta nijibu: walikosea, au ni makusudi?

Dada Severa anakusalimu sana.

Kaka yako,
Allan Kasmir

---

Leicester, 20 Aprili 1999

Kaka Allan,

Shikamoo, japo najua utasema nakuzeesha. Mama mguu unamuuma bado, kachori anasema uje uzifuate. Mimi mzima, nauza gemu za mkono wa pili jioni baada ya chuo, kwa hiyo umegonga mlango wenyewe.

Jibu: makusudi mtupu! Wewe ungekuwa unaiona korido nzima, unageuka utakavyo, ungeogopa nini? Wanakunyima macho, wanakunyima miguu, ndipo moyo unakudunda. Nimemuuliza hata mwalimu wangu. Kasema mashine zenyewe hazina nguvu ya kuzungusha kamera vizuri, kwa hiyo kilianza kama udhaifu, lakini watunzi wakaufanyia kazi. Usichokiona umetegewa usikione. Kwa hiyo kaka, kubali yaishe. Umezoea kushinda kila kitu tangu tukicheza gololi uani kwetu, hili umeangukia pua.

Hicho kichwa meza dawa.

Mdogo wako,
Bhavin

---

Kariakoo, 11 Julai 1999

Mdogo wangu Bhavin,

Salaam nyingi kwako na kwa mama. Mvua zimeisha, embe bado, afya ndiyo hivyo hivyo.

Haya, nimekubali, umeniweza. Tena nimeandika kwenye boksi nikalitundika mlangoni: KAMERA HAIJAHARIBIKA, NI MAKUSUDI. Wateja wanacheka mpaka basi. Sasa mtu akilalamika namwambia, ndugu yangu yuko Ulaya, amesomea, ameuliza mpaka mwalimu.

Na nimegundua hata gemu la mpira wameliwekea ujanja huo. Mpira ukienda upande wa kushoto unapotea kabisa, ukirudi uko miguuni mwa adui. Wilbert amenifunga hivyo mara mbili, nami sijawahi kufungwa na fundi redio! Chumba kizima wakanizomea. Siku hizi wengine wameanza kuhamia kwa Mpemba wa Mtaa wa Kongo.

Severa naye ananikera. Wiki jana nilivaa jiko la muuza kahawa pale mlangoni, nikaungua ugoko, basi kaanza: twende hospitali wakakupime macho, usije ukawa kama baba. Nikamwambia wewe vipi? Mzee wetu Anaeli alipofuka kwa mrututu, ile dawa ya kahawa, miaka yote anawanyunyizia watu wa Kibosho mibuni yao bila kitambaa usoni. Mimi nimeshika bomba la mrututu lini? Nikamsomea barua yako. Usichokiona umetegewa usikione. Akaenda zake. Ahsante, umeniokoa na foleni ya hospitali.

Kaka yako,
Allan

---

Leicester, 2 Agosti 1999

Kaka Allan,

Shikamoo. Mama hajambo. Leo sina utani, nisome mpaka mwisho.

Gemu la mpira halifichi kitu. Nimelicheza hapa dukani jana na leo, na nimewaita watu watazame. Uwanja unaonekana, kushoto na kulia. Halafu nikaweka lile la jumba. Kabla mbwa hajaruka, kivuli chake kinapita ukutani upande wa kushoto, kikubwa, kila mtu anakiona. Wilbert habahatishi. Anakiona.

Nilipokwambia ni makusudi nilikuwa nazungumzia gemu. Sikujua kwamba wewe huoni. Ulinitajia duara za rangi kwenye taa tangu barua ya kwanza, nami nikakwambia meza dawa, nikakimbilia kubishana. Nimemsimulia mama, akaketi chini. Kaka yake ana presha ya macho, ilianza hivyo hivyo, na hurithiwa katika familia. Pengine mzee Anaeli hakupofuka kwa mrututu.

Fanya hivi. Funika jicho moja kwa kiganja, tazama pua ya Severa, yeye anyooshe mkono pembeni na kuchezesha vidole. Mwambie vinapoonekana. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kilichopotea hakirudi, lakini kuna matone yanayolinda kilichobaki. Nakupigia magoti, kaka. Nenda.

Mdogo wako,
Bhavin

---

Kariakoo, 5 Septemba 1999

Bhavin,

Barua nimeipata. Salimia mama.

Nilikuuliza habari ya gemu, wewe unaniletea upofu. Kule kwetu baba aliposhindwa kuona walisema amerogwa, watu wakaacha kuja kunywa mbege nyumbani. Mimi nimekimbilia mjini kuondoka kwenye jina la mtoto wa kipofu, na sasa wewe unanirudisha. Nani ataleta pesa yake kushindana na bingwa kipofu?

Mwezi wa nne makusudi, mwezi wa nane ugonjwa. Chagua moja. Mimi nimechagua lile la kwanza, na boksi liko mlangoni. Vidole vya Severa sina haja navyo.

Usiniandikie mpaka ujue unachosema.

Allan

---

Leicester, 19 Desemba 1999

Kaka Allan,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu uninyamazie. Namba ya simu ya duka la jirani hailii tena. Nikasirikie utakavyo, nitukane, niite mwana haramu, lakini uwe umetoka hospitali ndipo unitukane. Mama anakuwashia taa kila asubuhi kwenye maombi yake.

Kama barua hii inasomwa na dada Severa: mvute, hata kwa nguvu.

Mdogo wako, bado,
Bhavin

---

Kariakoo, 25 Februari 2001

Mdogo wangu Bhavin,

Hujambo? Mama hajambo? Mwandiko ni wa Severa, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze wala asiongeze.

Nilikwenda, ila nilikwenda mwaka jana, mwezi wa sita, baada ya kuikosa ngazi na kuporomoka pale Shimoni, chini ya soko. Daktari akamulika, akaniuliza, ulikuwa wapi siku zote?  Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibakia na tundu dogo la kuchungulia, nalo limefungwa kabla ya Krismasi. Ni presha ya macho, kama ulivyosema. Severa akapimwa, akakutwa nayo, lakini imewahiwa. Anatia matone kila siku, mimi ndiye ninayemkumbusha. Hilo umelifanya wewe. Anaandika hapa huku analia, asikudanganye.

Barua zako zote zilifika. Nilizisoma nilipokuwa naweza, nikazichana. Sikuwa na hasira na wewe, Bhavin. Nilikuwa naogopa.

Chumba sasa anakiendesha Wilbert. Ananiweka kwenye kiti karibu na mlango. Hakuna anayekuja kunifunga, wananiita mzee, mimi! Boksi bado limetundikwa, nimewakataza kulitoa. Juzi Wilbert aliweka lile jumba, nami nikakaa kusikiliza. Mbwa kabla hajaruka kucha zake zinagonga sakafu, upande wa kushoto. Nikapiga kelele, geuka sasa! Akageuka, akampiga risasi, chumba kizima wakashangilia. Zile kucha zilikuwepo siku zote, na mimi nilikuwa nimejaza chumba kelele za kubishana.

Nina swali lile lile, walikosea au ni makusudi, ila siulizi habari ya gemu tena. Namuulizia yule aliyenitengeneza mimi, na baba kabla yangu. Padri anasema ni makusudi, Mungu ana mpango wake. Kila mtu anayekuja kunipa pole anasema hivyo hivyo. Nimechoka kuyasikia, kwa sababu kama ni makusudi sijui nitamwangaliaje.

Wewe ulinishinda mara ya kwanza. Safari hii usibishe, mdogo wangu. Niandikie, Severa atanisomea. Sema walikosea.

Kaka yako,
Allan