Jina Lako Nililolisoma Kanisani

Mpendwa Mama,

Kengele ya kwanza imeshapigwa na mimi bado sijavaa viatu. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda mlangoni mara tatu na kurudi. Chai imepoa. Mfukoni nina karatasi ya baraza la wazee wa kanisa, na karani wa kuisoma mbele ya watu ni mimi kama kawaida. Safari hii ina jina moja tu. Ni Rebeka, mke wa yule kuli aliyeangukiwa na magunia bandarini. Mumewe hajigeuzi kitandani, na huu ni mwezi wa pili Rebeka haonekani ibadani, kwa hiyo atatengwa na Meza ya Bwana. Utaratibu huo unaujua, Mama. Kwa hiyo nakuandikia wewe, ingawa huu ni mwaka wa tano tangu tukuzike.

Unakumbuka Bi Mwanaidi alipopigwa na kiharusi? Ni mwaka ule askari wetu waliporudi kutoka Burma. Nyumba yake na yetu hapa Temeke zilitenganishwa na uchochoro tu, na mwanawe wa pekee alikuwa mbali, Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Ulisema utamtazama mpaka mwanawe aje. Kila asubuhi ulipasha maji, ukamwogesha, ukambadilishia shuka, ukamchana nywele, huku ukiimba nyimbo zetu za kanisani kwa sauti ya chini. Mimi nilileta ndoo kutoka bombani na kuiacha mlangoni. Siku moja nilikunong'oneza uache kuimba, maana tulikuwa katika nyumba ya Waislamu. Bi Mwanaidi alisikia. Akasema, mdomo ukiwa umepinda upande, "Mwache aimbe, baba. Mie nikimsikia najua kumekucha."

Adhuhuri ikifika ulimtawadhisha. Ulimmiminia maji mikononi, ukamwosha uso na miguu, ukamgeuza aelekee kibla, kisha ukakaa pembeni kimya mpaka amalize kusali. Jumapili moja nilikuja kukuita, nimevaa shati jipya la ukarani, nataka watu watuone tukiingia kanisani pamoja.

"Mama, ibada imeanza."

"Na hapa imeanza," ulisema, wala hukugeuka. "Nipe hilo taulo."

Nilikasirika. Nilikwenda peke yangu, na njia nzima nilikuwa nikikusema moyoni.

Halafu jina lako likafika barazani. Mzee mmoja aliniambia, "Karani, tukimwacha mama yako, watu watasema tunapendeleana." Katika chumba kile ni mimi tu niliyejua unakoshinda Jumapili. Ningesema neno moja tu lingetosha. Sikulisema. Nilikuwa na haya, Mama. Niliogopa wazee wajue kwamba mama wa karani wao anamtawadhisha mwanamke wa Kiislamu.

Jumapili niliyoisoma ile karatasi, wewe ulikuwepo. Mwana wa Bi Mwanaidi alikuwa amekuja likizo, ukapata nafasi, ukavaa doti yako mpya, ukakaa upande wa wanawake na uso wa furaha. Nilipolitaja jina lako ulisimama ukaitika, "Nipo," kama mtu aliyeitwa hospitali. Kuna mtu alicheka. Mimi nikaendelea kusoma, nawe ukabaki umesimama mpaka nikamaliza, ndipo ukakaa taratibu. Mchana ulinipakulia ugali na dagaa, ukasema, "Umesoma vizuri. Sauti ilifika mpaka nyuma."

Mpaka leo sijui kama ulinisifu, ulinichoma au ulinisamehe. Kwa nini hukunigombeza? Wewe uliyenifokea kwa kikombe kilichovunjika, siku ile ulinipakulia chakula. Bi Mwanaidi alipofariki ulikwenda kupiga magoti mbele ya wazee ili urudishwe. Wakakuuliza ulikuwa wapi muda wote ule. Ulijibu, "Nilikuwa na kazi." Nilikuwa pale, kalamu mkononi, nikaandika ulivyosema.

Na Ijumaa hii nimefanya vilevile. Nimepita kwa Rebeka mara nyingi nikitoka kazini. Nimemwona kupitia dirishani akimgeuza yule mume, mwanamume mzito kuliko yeye mara mbili, huku akimsomea Zaburi. Barazani wakauliza nani ana habari zake. Niliangalia meza. Nimekuwa mtu mzima, Mama, nina mvi, na bado naangalia meza.

Kengele ya pili hiyo. Nimevaa viatu. Nilidhani nikiandika nitatulia, wala sikutulia.

Siendi kanisani. Naenda kwa Rebeka, nimwambie avae upesi, bado hajachelewa, mimi nitakaa na mumewe. Sijawahi kumgeuza mgonjwa. Atanielekeza mwenyewe pa kushika. Kanisani watamwona Rebeka ameingia, watamtafuta karani na karatasi yake wasimpate, na wiki hii wataniita barazani waniulize nilikuwa wapi. Nitawaambia, Mama. Nitaanza kwa kuwaambia ulikokuwa wewe.

Pumzika salama, na unisamehe kama bado hujanisamehe.

Mwanao wa kwanza