Boksi la Tatu

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Kama umeshika msumeno uweke chini kwanza, na kama shemeji yuko karibu mwite akae nawe, maana hii nimeiandika kwa mkono wangu na mwandiko wangu unaujua, mtasaidiana. Mama hajambo? Magoti yake yanasemaje? Watoto wazima? Mimi huku ni mzima kupita kiasi. Nimenona mashavu, na wenzangu wanasema nikifika nyumbani itabidi mnipitishe mlangoni kwa ubavu, kama kabati.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu, kaka, wewe hunipa nafasi ya salamu tu, halafu unaanza kuhutubia. Karatasi huwezi kuikatiza. Tulia basi, leo nahutubia mimi.

Kwanza kabisa, narudi kweli, si kama ile ahadi ya mwaka juzi. Tiketi ninayo, mwenye nyumba nimeshamwambia, na kitanda changu nimempa dereva wetu, ila bado nakilalia kwa hisani yake. Kazini nimeaga. Msimamizi wetu, mama mmoja mkali ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mtu, aliniuliza kama nina uhakika, akasema mfungaji wa glasi kama mimi hatampata tena. Nikamwambia hilo nalijua. Akasema basi amelirudisha neno lake.

Maana ninyi huko mnadhani kuhamisha watu ni kubeba makochi mgongoni. Kubeba ni kazi ya wenye shingo. Mimi ni mfungaji. Nipe jiko la mtu, lenye sahani za harusi, vikombe vya marehemu bibi yake na ile mitungi ambayo hakuna anayejua ya nini, na baada ya dakika arobaini hutakuta hata kijiko. Sahani nazisimamisha wima, silazi hata moja. Miaka mitano nimevunja kikombe kimoja tu, na hicho kilikuja na ufa wake. Juma langu la kwanza, sikatai, kasi ilinizidi: nilifunga birika la bibi mmoja likiwa na chai ndani, nikafunga na ndoo yake ya taka jinsi ilivyo. Alipofika nyumba mpya akatuma ujumbe wa shukrani kwamba hata maganda yake ya ndizi yamefika salama. Mpaka leo hapa kazini naitwa Maganda.

Tuna kanuni moja ninayoipenda. Boksi la mwisho kuingia garini ndilo la kwanza kufunguliwa. Humo tunaweka birika, vikombe, sukari na mashuka, ili watu wakifika wakae hata sakafuni wanywe chai kabla hawajaanza kugombana kitanda kikae wapi.

Mama ameniambia umenitengea meza ya dirishani kwenye karakana. Asante, kaka. Nimeipokea habari hiyo kama mtu aliyepewa kiwanja. Ila ameniambia pia kwamba ule ukuta wa mbao ulioupiga kati yetu na Mzee Sponji bado umesimama. Nakumbuka baraza ilivyokuwa moja: wewe ukitengeneza fremu, yeye akizivika sponji na kitambaa, na marehemu baba katikati akishindana naye kwa uongo. Sasa fremu zako unazivusha hadi kwa fundi wa upande wa pili wa mji, na mzee wa watu kila asubuhi akipita anausalimia ukuta wako, nawe huitikii. Haya yote kwa ajili ya randa ya baba, iliyopotea juma lile nililoondoka, na yeye ndiye aliyeonekana akiingia karakana kuazima gundi. Shika hapo, nitaparudia.

Basi nikaanza kujifunga mwenyewe. Ungedhani ni kazi ya nusu siku kwa bingwa kama mimi. Ilinichukua siku nne. Nilifunga maboksi matatu, na yote yatakuja kwa meli, yatangulie kufika kama wiki mbili kabla yangu. La kwanza lina nguo zangu na viatu vya watoto, usiwaambie. La pili lina blanketi la mama na sufuria za shemeji, zile zinazoingiana. La tatu ni dogo, lakini ukilinyanyua utashangaa.

Kila boksi lina fomu yake: kitu gani, hali yake, mwenye mali ni nani, mpokeaji ni nani. Msimamizi hukagua hata vya wafanyakazi wake. Kwenye boksi la tatu akakuta sehemu ya mwenye mali iko wazi, akaniuliza ni cha nani. Nikasema ni changu. Akakitoa, akageuza mpini, akaona zile herufi mbili zilizochongwa kwa patasi, akaniuliza jina langu lilianza kuandikwa kwa herufi hizo tangu lini.

Kaka, ni randa ya baba.

Aliyeichukua ni mimi. Niliiviringisha ndani ya suruali mbili nikaiweka chini kabisa ya begi, asubuhi ile ile uliyonibebea begi hilo mpaka stendi. Ukasema ni zito, nikakwambia ni viatu. Unaukumbuka ule mlango wa mteja nilioranda upande usio wake mpaka paka akawa anapita chini? Ulinipokonya randa mkononi mbele za watu, ukasema nitaigusa tena siku nitakapopata akili. Nikasema moyoni, basi hata wewe hutaigusa. Hakuna zaidi ya hapo. Ningeweza kukuandikia kwamba niliichukua ili nimkumbuke baba, na barua ingependeza, lakini ingekuwa viatu vingine.

Mwezi wa kwanza tu, mama aliponieleza ulivyomwita Mzee Sponji mwizi mbele ya wateja wake, nilitaka kusema. Nikasema wiki ijayo. Wiki ikazaa wiki, tumefika miaka mitano. Mara tatu nimekupigia kwa ajili hiyo hiyo, mara tatu nimeishia kukuuliza habari za mvua. Mimi, ambaye mama anasema nilizaliwa naongea.

Randa yenyewe haina kutu hata chembe. Nimeitia mafuta kila mwezi, na nimeifanyia kazi, kwa sababu nyumba za watu zina milango iliyovimba na friji hazina subira. Siku hizi mlango naufunga, naufungua, naufunga tena, ndipo nausogelea. Paka hapiti. Utanipima mwenyewe.

Sasa sikiliza nilivyoijaza ile fomu. Mwenye mali nimekuandika wewe, maana baba alikuachia wewe. Mpokeaji nimemwandika Mzee Sponji. Msimamizi akauliza kama nimekosea mstari, nikamwambia sijakosea. Na kanuni ya kampuni yetu, ambayo wakala wao huko anaijua vizuri, ni kwamba mwenye mali na mpokeaji wakiwa watu wawili, boksi halikatwi utepe mpaka wote wawili wawe wamesimama mbele yake na kutia saini. Maboksi mawili yatakuja kwako moja kwa moja. La tatu litapelekwa kwake. Juu ya randa nimeweka barua yake, fupi kuliko hii, namwomba radhi bila kukutaja wewe, kwa sababu sehemu yako ni ya kuiomba kwa mdomo wako. Nikifika nitaiomba yangu tena mbele yenu wote wawili, na kama ni kofi nalo nitalipokea. Mashavu yapo, nimeshakwambia yamenona.

Usinisumbue kwa simu ya kunifokea, dereva ndiye atakayepokea na yeye hajui lugha yetu. Mimi nitafika Alhamisi, wiki ya pili baada ya mzigo. Nitapitia kwanza kwa wakala, nione ile fomu. Nikikuta saini mbili, nakuja moja kwa moja kwenye meza yangu ya dirishani. Nikikuta moja, nitabisha kwa Mzee Sponji niulize kama anahitaji mfungaji, nami nitakuwa nakusalimia kila asubuhi kupitia mbao zako, na sauti yangu unaijua kuliko yake.

Boksi la tatu nilihakikisha linapakiwa la mwisho. Ndani, pembeni ya randa, kuna vikombe vitatu. Sukari sikuweka, hiyo mzee anayo.

Msalimie mama, umwambie yote, usimpunguzie. Shemeji na watoto nawasalimu sana, na hao wote wanaoniulizia mtaani waambie nakuja, wajipange.

Ni mimi mdogo wako aliyekubebesha viatu,

Kidomo