Baba, Gia Imeingia Bila Kishindo

Baba yangu, uliyelala Sibwesa,

Gari limepona. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungekuwa hapa usingepokea hata salamu kabla ya kuuliza habari za gari. Limepona, na aliyeliponya ni mimi. Hakuna fundi aliyeligusa. Mikono hii ya kushona sare za shule ndiyo iliyolifungua na kulifunga, na haikubaki bolti hata moja chini.

Unakumbuka siku ulipolileta? Uliuza ng'ombe, na wazee wenzako wakakujia juu. Msukuma gani anauza ng'ombe amnunulie binti gari? Wewe ukawaambia, "Mguu wa kushoto wa Kabula hauna nguvu tangu alipougua utotoni, haukanyagi klachi. Gari hili ni otomatiki, halina klachi. Kuna swali lingine?"

Ukanifundisha kwenye shamba lililovunwa, umekaa pembeni yangu, kofia umeiweka mapajani. Mimi nabana breki kila hatua, wewe unacheka. "Taratibu, mayu. Mahindi tumeshatoa, hapa huna cha kugonga." Baba, uliniita mayu, yaani mama, na mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa anayeogopa usukani. Siku ile nilitamani shamba lisiishe.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Ulipoondoka, gari likaanza vituko. Ukiweka D, gia ya kwenda mbele, linaruka kama limechomwa mwiba. Likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili linapiga kishindo, abiria wanageuka nyuma wakidhani tumegongwa. Nikalipeleka kwa fundi mmoja hapa Shanwe. Hakufungua hata boneti. "Dada, otomatiki za zamani hazitibiki hizi. Tunang'oa gia boksi, tunaweka manyuo, unasahau."

Kaka Shija akaafiki palepale. Unamjua mwanao wa kwanza, akishaamua ameamua. Akasema likiwekwa manyuo litabeba mahindi ya shambani. Nikamuuliza, "Na mimi je? Nitakanyagaje klachi?"

"Wewe tutakupeleka popote unapotaka."

Alisema kwa upole, Baba, na ndiyo maana iliuma. Angenifokea ningemjibu. Nilikwenda chumbani nikalia kama mtoto, maana niliona maisha yangu yote yaliyobaki nimekaa kwenye kiti cha abiria, nasubiri mtu apate nafasi. Fundi alipangiwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nikajisemea, kabla hawajaling'oa, ngoja na mimi nichungulie. Nikafungua boneti, nikachomoa stiki ya kupimia oili ya gia boksi, nikaifuta kwa kitambaa kama ulivyonifundisha. Macho yangu yamezoea tundu la sindano, yakaona vijiandishi vimechongwa kwenye chuma. Aina ya oili inayotakiwa. Miaka yote tulikuwa tunaifuta ile stiki, mimi na wewe, hakuna aliyeisoma!

Hapo ndipo ulipokuja mbele ya macho yangu, na lile dumu lako la oili ya haidroliki ya trekta. Mwaka wako wa mwisho uliona oili imepungua, ukamimina. Nikakuuliza kama inafaa. Ukanishangaa. "Inanyanyua jembe la trekta, itashindwa na kigari hiki?" Na uliongeza tena na tena, kila ulipoona imeshuka. Ni wewe, Baba! Nilicheka peke yangu pale uani mpaka Mama, ambaye siku hizi anakaa na mimi, akatoka kuniangalia kama niko sawa.

Nikaenda kwa mama mmoja muuza spea, nikamuuliza kama oili hizo mbili ni kitu kimoja. Akashika kichwa. "Dada, nani alikufanyia hivyo?"

"Mtu aliyenipenda sana," nikamjibu.

Mama wa watu akanielekeza kila hatua, na akanionya: ndani ya sampu, lile karai la chini ya gia boksi, kuna sumaku. Nikikuta zimenasa vipande vya chuma, nisijisumbue, gia boksi limekwisha. Nikikuta vumbi laini tu, bado kuna uhai.

Alhamisi nikalipandisha kwa jeki, nikaliegesha juu ya magogo ya mninga, nikatandika gunia nikalala chini yake. Mama ndiye alikuwa ananipa vifaa. Nikiomba spana namba kumi, ananipa kumi na nne, halafu ananigombeza mimi. Oili ikatoka nyeusi kama masizi, inanuka kuungua. Nikafungua sampu, roho iko mkononi. Nikapitisha kidole kwenye sumaku. Vumbi, Baba. Vumbi laini kama la poda! Nilipiga kelele hadi nikajigonga paji la uso.

Nikasafisha, nikaweka chujio jipya na gasketi, nikafunga, nikalishusha, nikajaza oili yenyewe, nikapima. Imejaa. Nikawasha, nikaweka D. Likaruka vilevile.

Sikufichi, nilitaka kuacha. Nikampigia muuza spea simu kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Akaniuliza nimepimaje. Nikamwambia, injini imezimwa, imepoa, kama Baba alivyonifundisha. Akacheka. "Hivyo ni kwa oili ya injini, dada. Gia boksi unapima injini inaunguruma, imeshapata moto, umepitisha gia zote." Nikafanya hivyo. Oili ilikuwa inagusa ncha tu ya stiki! Nikaongeza kidogokidogo mpaka kwenye alama. Ijumaa nikamwaga tena na kujaza upya, kwa sababu ile yako ya trekta ilikuwa bado imejificha ndani, mbishi kama mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Shija akafika kuchukua gari. Nikamwambia, "Panda kwanza." Akapanda, akashika dashibodi kwa mikono miwili anasubiri kile kishindo. Tukatoka Shanwe, tukashika barabara ya kwenda Sibwesa. Anasubiri. Mimi nimebana meno nisicheke.

"Mbona halibadili gia?"

"Limeshabadili mara tatu, kaka."

Akaachia dashibodi. Akanitazama, akatazama barabara, akanitazama tena. "Nani kalitengeneza? Fundi gani?"

"Fundi cherehani."

Wallahi, ningekuwa na uwezo ningekuamsha uone sura yake. Akatoa simu, akampigia yule fundi mbele yangu. "Ile kazi basi. Hapana, si kuahirisha. Basi kabisa." Kisha akasema polepole, "Nisamehe, dada. Nilidhani nakusaidia." Tukaendelea mpaka kwako. Tulisimama wote wawili kaburini, ila nilikuwa najichekea. Ndugu zangu wataniona sina adabu, lakini wewe ungeelewa.

Kwa ile oili sikulaumu. Ulimimina ulichokuwa nacho, kwa mapenzi yote. Nakukumbuka mno, Baba. Nakukumbuka zaidi ninapofurahi, maana sina mwingine wa kumtambia kama ninavyokutambia wewe.

Jumatatu napeleka sare Kapalamsenga. Sijawahi kwenda kule peke yangu. Shija ameniuliza nani atanisindikiza, nikamwambia hakuna. Nitawasha, nitaweka D, nitaondoka.

Lala salama, mzee wangu.

Binti yako, dereva,
Kabula