Fundo la ndama

Walikale, Jumatano

Papa yangu Nsengimana,

Nakusalimu wewe na Mama Verdiane, pamoja na wote waliobaki kwetu Nyamitaba. Kifua chako kimepoa kidogo? Na ng'ombe, munazifikisha bado majanini, ao vita vimewafungia njia tena, kama mwaka nilipokimbia? Kila muntu anayetoka Masisi namuuliza, na kila mumoja ananijibu lake. Mimi mwili uko muzima, ila usingizi umenikimbia.

Uliuliza nafanya kazi gani. Hapa kuna mfereji wa zamani, Wabelgiji waliuchimba kwa plantation ya mawese ili pirogue, mitumbwi mirefu ya hapa, zikwepe maporomoko ya mto. Patron wetu, tajiri anayetuajiri, ameufufua kwa sababu barabara imekufa. Pirogue inajazwa mafuta na mchele, halafu nyumbu, yule mnyama wa punda na farasi, anaivuta kwa kamba huku akitembea ukingoni. Tulimwita Directeur, yaani mkurugenzi, kwa kuwa hakubali kuharakishwa na muntu.

Mwenzangu ni Honoré, muntu wa huku, aliyekulia majini. Ananiita Papa Maziwa, eti naongea na nyumbu kama ninayeposa. Lakini njo yeye aliyenipokea nilipofika bila kujua muntu. Kamba ya nyumbu kwa pirogue anafunga yeye. Fundo lake ukilivuta mkia mara moja, linafunguka. Nilimwambia kwetu fundo kama hilo ni la muntu aliyechoka na ng'ombe zake, anataka zipotee. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi iliyopita mvua ya milimani ilijaza mto. Pale mfereji unapokutana nao, maji yalishika pirogue, yakairudisha nyuma, na kamba ikamburuta Directeur. Honoré alikuwa ndani ya pirogue, mimi ukingoni. Fundo lilikataa kufunguka. Nilikata kamba kwa panga, lakini Directeur alikuwa amekwisha kunywa maji, akafa.

Patron alimshika Honoré, kwa sababu kamba iko kazi yake. Amefungwa katika kasho, chumba cha mahabusu cha chef wa kijiji, na kesho asubuhi wanampeleka gereza la mji. Muke wake Béata amejifungua juzi tu. Jana alinisimamisha njiani, akanishukuru kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, niliyompelekea mume wake kule kasho, akasema kumbe hata mugeni anaweza kuwa ndugu. Sikuweza kumtazama.

Papa, kamba nilifunga mimi. Asubuhi ile Honoré alikuwa anakomba maji ndani ya pirogue, akaniambia nifunge kama yeye. Mimi nikafunga lile fundo la ndama ulilonifundisha, linalozidi kukaza mnyama akivuta, kwa sababu lake sikuliamini. Nilipokwisha kukata kamba, kipande chenye fundo nilikitupa majini. Na patron aliponiuliza, nilisema Honoré njo aliyefunga. Niliogopa, mimi mugeni bila muntu wa kunisemea. Honoré alinyoosha mikono wamfunge, macho kwangu, kama anangoja niseme neno lingine.

Barua hii nampa Mama Emérence, muuza samaki wa kukauka, anayepanda Masisi leo. Akiondoka tu, naenda kwa chef kusema fundo lilikuwa langu, mbele sijabadilika tena.

Mama usimsomee mwisho huu. Mwambie tu nawasalimu. Dada Uwamwezi naye asalimiwe, na wa kanisani watuombee. Ukijibu, mwenye kuleta barua asinitafute mferejini. Aulize kasho ya chef.

Mutoto wako,
Gasana